Agnete na Ukoo wa Mpopi

Kwa miaka thelathini na minane Agnete Bundgaard alipima mikojo ya watu wa Vesterlund, na hakuona haya hata chembe kusema hivyo. Kwenye harusi, mgeni akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu na uma mkononi, "Napima mikojo," kisha akamtazama kwa utulivu aone kama chakula kitashuka au kitapanda. Mumewe Poul, fundi wa mabomba, alikuwa akidakia kwamba nyumba yao nzima imejengwa kwa maji ambayo wenzao hawataki hata kuyatazama. Mzaha huo ulikuwa umechakaa kuliko zulia lao la mlangoni, lakini walicheka wote wawili kila mara.

Alizaliwa shambani, kilomita saba nje ya mji, wa tatu kati ya mabinti wanne. Dada zake waliolewa na wakulima, yeye akafunga sanduku kwenda Aalborg kusomea maabara. Baba yake, ambaye maneno yake yote ya wiki yangeenea kwenye kiganja, alimuuliza siku ile kwenye kituo cha treni:

"Utakuwa unapima nini huko?"

"Kila kinachotoka kwa mtu, Baba."

"Basi hutakosa kazi."

Hakukosa. Aliajiriwa hospitalini kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuondoka tena. Wakuu tisa walikuja na kuondoka, kila mmoja na mipango yake ya kubadilisha dunia, na mashine ziliingia mpya zikatoka kuukuu. Katika muda wote huo hakuna chupa hata moja iliyopotea mikononi mwake, wala jina la mtu kuchanganyika na la mwenzake. Tunalisema hilo kwa kifua mbele, maana ni mtu wetu.

Lakini kilichomfanya ajulikane, hasa kwa wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, ni ukoo. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake ilibidi aujue ukoo wa mpopi kabla ya kuruhusiwa kuigusa mashine ya dawa za maumivu. Agnete aliuchora nyuma ya boksi la glavu, kwa kalamu nene, huku akieleza kama mtu anayesimulia habari za majirani.

"Mpopi ndiye mama," alikuwa akisema. "Ukichanja kichwa chake kibichi kinatoa utomvu, na huo ndio afyuni. Ndani ya afyuni mna watoto wa kuzaliwa: mofini na kodeini. Hakuna aliyewatengeneza, wametoka tumboni. Hawa wanaitwa opiati. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Wa pili ni watoto waliochukuliwa kwa mama wakabadilishwa sura kwenye karakana. Heroini, oksikodoni, buprenofini. Damu ya mama ipo, ila wamefanyiwa mambo. Wa tatu hawajamwona mpopi hata kwenye picha. Wameundwa na watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho: fentanili, methadoni, pethidini."

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza, na Agnete alimngojea huyo: kama wa tatu si ndugu, mbona wote wamepewa jina moja la opioidi?

"Kwa sababu wote wana ufunguo wa mlango mmoja! Mwilini mwako mna mlango, ukifunguliwa maumivu yanatulia, na ukifunguliwa mno pumzi nayo inatulia ukafa. Kila anayeufungua mlango huo ni opioidi, awe mtoto wa mpopi au mtoto wa kiwanda. Jina la opioidi linauliza, unafanya kazi gani? Jina la opiati linauliza, umezaliwa na nani? Na hii mashine yetu hapa ni kama mama mkwe. Kazi yako haimhusu, anataka kujua umezaliwa na nani tu."

Wanafunzi walicheka, wakaandika. Wengine sasa ni wakuu wa maabara huko Aarhus na Odense, na boksi la glavu bado wanalikumbuka.

Basi ilikuwa Jumanne moja ya mwezi Machi, na mvua yetu ile inayonyesha kwa ubavu, ndipo Ejgil Sandholt alipoingia kutolewa damu. Ejgil alikuwa mchinjaji wa nguruwe kiwandani kwa miaka thelathini na moja, mpaka uti wake wa mgongo ukasema basi. Alikuwa na pingili tatu zilizobondeka, akitembea kama mtu ambaye bado amebeba nusu ya nguruwe begani. Kliniki ya maumivu, iliyokuwa mlango wa pili kutoka maabara, ilikuwa ikimpa plasta za fentanili: unaibandika kwenye ngozi, inakaa siku tatu, unabandika nyingine. Kwa plasta hizo aliweza kukaa mezani na mkewe Ruth, na kulala kitandani kama watu.

Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha kutolea damu bila kumtania Agnete. Hilo peke yake lilikuwa dalili mbaya.

"Umemezwa na nini leo?" Agnete alimuuliza akimfunga mpira mkononi.

"Nauza dawa," Ejgil alisema.

"Unauza nini?"

"Plasta zangu. Nauza, halafu nanunua mofini mitaani, nadhani kule nyuma ya duka la baiskeli. Hivyo ndivyo alivyoniambia yule daktari mpya, kwa adabu sana, kama anayenipa pole ya msiba." Akakunja ngumi ya mkono uliofungwa mpira. "Hii niliyobandika jana ndiyo ya mwisho. Alhamisi mchana naitoa, na hakuna nyingine. Agnete, mimi sijaiba hata kisu cha kiwanda. Kila mtu aliiba visu!"

Agnete alimaliza kutoa damu kwanza, maana mkono wake haukujua kufanya kazi nusu. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Asubuhi unakula nini?"

"Nini?"

"Jibu. Unakula nini asubuhi?"

"Mikate mitatu ya mviringo ya mwokaji wa barabara ya stesheni, na siagi. Kama kila mtu."

"Ya birkes?"

"Ya birkes, ndiyo. Kwani kuna mingine?"

Birkes ni zile mbegu ndogo za kijivu na buluu zinazofunika mkate juu, na katika nchi hii huwezi kufungua mdomo asubuhi bila kuzikuta. Ni mbegu za mpopi. Mbegu yenyewe haina kitu, lakini utomvu wa mama hukauka juu yake wakati wa mavuno, na anayekula nyingi hukojoa mofini kidogo na kodeini kidogo, bila kuhisi lolote zaidi ya kushiba. Agnete alijua hilo tangu Aalborg. Alisimama, akaenda kuyatazama majibu ya Ejgil ya wiki iliyopita.

Kipimo hicho alikuwa amekifanya yeye Agnete mwenyewe. Mofini: ipo. Kodeini: ipo. Na mstari wa tatu, fentanili, ulikuwa na kistari tu. Zamani maabara iliandika hapo kwa maneno kamili, "Haijapimwa." Mtambo mpya wa kompyuta ulikuwa umeona maneno hayo ni mengi, ukaweka kistari badala yake. Kwa mashine ya Vesterlund, ya kupima watoto wa kuzaliwa peke yao, kistari maana yake hatukumtafuta. Kwa daktari aliyetoka hospitali kubwa ambako hupimwa kila kitu kwa mara moja, kistari kilimaanisha tumemtafuta na hayupo.

Alinyanyua simu. Sasa, mpima maabara hamfundishi daktari kusoma majibu; huo ni mpaka, na Agnete hakuwahi kuuvuka katika miaka yote thelathini na minane. Siku hiyo aliuvuka bila hata kuvua viatu.

"Mathias, ni Agnete wa maabara. Majibu ya Ejgil Sandholt umeyasoma vibaya."

Mathias Friis-Holm, yule daktari mpya, alikuwa na miaka thelathini na miwili, amekuja kutoka Kopenhagen na viatu vya ngozi ambavyo mvua yetu iliviua wiki ya kwanza. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Alimsikiliza habari ya kistari mpaka mwisho, kisha akasema:

"Hilo sikulijua. Asante kuniambia. Naagiza kipimo cha fentanili kwenye maabara kubwa leo hii, jibu litakuja baada ya siku nane. Lakini mofini je? Hiyo mmeipima, na ipo. Imetoka wapi?"

"Mkate. Birkes."

Akacheka, na kicheko hicho Agnete alikiweka akiba.

"Agnete, nimefanya kazi miaka minne na watu wa heroini. Unajua ni wangapi waliniambia ni mkate? Wote! Kama ingekuwa kweli, waokaji wote wa Kopenhagen wangekuwa gerezani."

"Hao unaowasema walikuwa waongo. Ejgil anakula mkate."

"Labda. Lakini nikimbandika fentanili, na huku anapata mofini kwingine nisikokujua, zote mbili zinafungua kitu kilekile. Atalala na hataamka, na atakuwa amelala kwa mkono wangu. Siwezi. Nionyeshe kwamba ni mkate, nitampa plasta saa hiyohiyo."

Hapo alikuwa na haki, na ndiyo sababu Agnete alikasirika zaidi. Mtu mjinga ungemtukana ukalala usingizi.

Jumatano asubuhi alinunua mikate kwa mwokaji yuleyule, akala miwili kwa vikombe vinne vya kahawa, na saa tano akajipima mwenyewe. Solvej, mwenzake wa maabara kwa miaka kumi na miwili sasa, alisimama nyuma yake. Mashine ikaguruma, ikafikiri, ikatoa jibu: hasi. Hakuna mofini wala kodeini, hakuna hata harufu ya mpopi.

"Eeh," Solvej alisema.

"Usiseme eeh."

"Sijasema kitu. Nimesema eeh tu." Solvej alimtazama kwa jicho la pembeni. "Sasa unamwamini nani, Agnete? Ejgil au mashine?"

Agnete alichukua kitambaa, akaanza kuipangusa mashine. Mashine hiyo aliisafisha mwenyewe kila asubuhi, haikuwahi kumdanganya. Na Ejgil alikuwa mtu mwenye maumivu, na Agnete aliwaona wenye maumivu wengi, watu wema kabisa, wakisema uongo kwa machozi ya kweli. Alirudi nyumbani akala viazi vyake bila kuvionja. Poul, aliyejua kumsoma, hakuleta mzaha wa mabomba.

Alhamisi baada ya kazi alipanda baiskeli yake mpaka kwa akina Sandholt. Plasta ya mwisho ilikuwa imetolewa saa tisa kabla ya chai, na Ejgil alikuwa amekaa pembeni mwa kiti, jasho jembamba likimtoka kwenye paji la uso. Ruth alifungua mlango na macho mekundu. Hakumpa Agnete mkono, alimvutia ndani kwa kiwiko.

"Umekuja kumpima tena?" aliuliza. "Plasta zake kuukuu zote ninazo, nimezikunja na kuziweka kwenye kopo, kila moja na tarehe yake. Nilimpelekea yule daktari. Hakufungua hata kifuniko!"

"Sijaja kupima. Nataka Ejgil anionyeshe anavyokula kifungua kinywa."

"Saa kumi jioni hii?"

"Saa kumi jioni."

Ruth aliguna, lakini alileta. Ejgil akajivuta mpaka mezani, akaupasua mkate, akapaka siagi nene hata ukiuma meno yanaacha alama. Mpaka hapo ilikuwa kama kwa mtu yeyote. Kisha akachukua kifuko kingine cha karatasi, kizito, akamimina kwenye sahani kilima cha birkes tupu, akaugeuza mkate upande wa siagi na kuukandamiza humo, kama anayepiga muhuri. Ulipoinuka ulikuwa mweusi tii. Akaugeuza nusu ya pili, ikawa vilevile.

Agnete alikivuta kile kifuko, akachungulia ndani.

"Hizo umezitoa wapi?"

"Ni zile zinazodondoka kwenye trei za mwokaji. Alikuwa anazitupa, sasa ananiwekea kwenye kifuko tangu nilipostaafu." Ejgil alimtazama kwa mashaka. "Kuna ubaya? Zinadondoka, Agnete. Utatupaje chakula kizima?"

Ruth akadakia, "Nimemwambia atageuka ndege. Miaka sita namwambia."

Agnete alianza kucheka, akashindwa kuacha, mpaka machozi. Ni mtu wa huku kwetu Jutland tu duniani angeweza kupoteza dawa yake, jina lake na usingizi wake kwa sababu hakutaka kuona mbegu zilizodondoka zikitupwa. Alifuta macho, akakiomba kile kifuko.

"Kesho vumilia mpaka mchana," alimwambia. "Unaweza?"

"Nimewahi kufanya kazi siku mbili na mbavu mbili zilizovunjika," Ejgil alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini wahi."

Ijumaa huwa tunakula pamoja kazini. Kila wiki mmoja analeta mikate, na watu wa maabara na wa kliniki wanabanana jikoni saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kazi, mameneja na wafagiaji, hakuna mwenye cheo mbele ya siagi. Zamu ilikuwa ya mwingine; Agnete aliichukua. Alipanga mikate, akaweka katikati sahani kubwa ya birkes za kile kifuko cha Ejgil, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Kabla hamjala, nisikilizeni. Leo nataka watu watano. Wanne watakula mikate mitatu kila mmoja, siagi juu, halafu unakandamiza humu. Hivi." Akaonyesha. "Mmoja atakula mkate wa shayiri nyeusi bila mbegu hata moja. Wote mtakunywa kikombe kimoja tu cha kahawa, maana nyingi huuzimua mkojo. Saa tano mnanipa mkojo. Jibu la kila mtu litakuwa kwenye bahasha yake, na hakuna atakayelijua asipotaka mwenyewe. Asiyetaka, ale kwa amani."

Jiko zima likalipuka kwa vicheko.

"Mimi nashika mkate mweusi," Solvej alisema haraka. "Hizo mbegu zinaingia kwenye meno yangu ya bandia."

Wauguzi wawili wa kliniki walinyanyua mikono wakichekana. Pamoja na Agnete mwenyewe walikuwa watatu wa kula birkes. Kila mtu akageuka kumtazama Mathias, aliyekuwa amesimama karibu na friji na mkate mkononi, hajauma.

"Najua hii inahusu nani," alisema taratibu.

"Hakuna jina lililotajwa hapa," Agnete alimjibu. "Ulisema nikuonyeshe. Au watu wa Kopenhagen hamkojoi?"

"Tunakojoa," Mathias alisema, na shingo ikamwiva. "Ila huwa hatualikwi kwa kengele." Akavuta kiti. Akapaka siagi, akakandamiza, akala mitatu, na wa tatu aliumaliza kwa juhudi. Meno yake yalikuwa yametapakaa vidoa, na muuguzi mmoja alimwambia asitabasamu mbele ya wagonjwa mpaka Jumapili.

Kuanzia saa mbili mpaka saa tano Agnete alitoa damu ya watu kumi na tisa, mikono yake ikiwa imara. Alijua kitu ambacho hakumwambia mtu: mbegu si sawa. Shamba moja hutoa birkes zenye utomvu mwingi, jingine hutoa tupu kama vumbi. Kifuko cha Ejgil kilikuwa cha juzi. Je, gunia la mwokaji lilikuwa bado lilelile la wiki ile ya kipimo? Kama lilibadilika, angekuwa amemfunga Ejgil kitanzi kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya hospitali nzima. Saa nne alishindwa, akampigia mwokaji.

"Gunia ni lilelile tangu Januari," mwokaji alisema. "Kwani limefanya nini?"

"Bado sijajua," alisema Agnete.

Saa tano vikombe vitano vilikuwa mezani. Aliviandika namba, akavichanganya, akamwachia Solvej aviingize kwenye mashine ili asije akasema mtu kwamba mkono wake ulisaidia. Mashine ikaguruma. Watu wanaofanya kazi hiyo wanasema dakika zile ni kumi na mbili; Agnete anashikilia mpaka leo kwamba zilikuwa mwaka.

Jibu la kwanza: chanya. La pili: chanya. La tatu lilikuwa hasi, na hapo Agnete alifumba macho. La nne: chanya. La tano: chanya.

"Tatu ni yangu," Solvej alisema, akiangalia orodha. "Tatu ni mkate mweusi! Agnete, fumbua macho."

Akafumbua. Karatasi ilionyesha mofini na kodeini kwa wale wanne, kiasi kinachokaribiana na cha Ejgil, na mmoja akimpita. Agnete alizitia karatasi kwenye bahasha, akazifunga kwa gundi kama ilivyoahidiwa, akatembea mpaka kliniki na kumpa kila mtu ya kwake.

Mathias alifungua yake akiwa amesimama kwenye korido. Angeweza kuitia mfukoni akaingia ofisini kimyakimya, na hakuna ambaye angemdai neno, maana Agnete alikuwa amempa ruhusa hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha kungojea:

"Mathias Friis-Holm. Mofini, ipo. Kodeini, ipo." Akaikunja karatasi. "Na mimi ninayo nyingi kuliko yeye."

Hapohapo akatoa simu. Ruth ndiye aliyepokea, na kwa kuwa alikuwa akipiga kelele, Agnete alimsikia kutoka alipokuwa: Ejgil hawezi kuja kwenye simu, amelala sakafuni tangu alfajiri, kitanda kimemshinda.

"Usimwinue," Mathias alisema. "Naja mwenyewe na plasta. Mbili, moja ya sasa na moja ya Jumatatu. Ruth... nilipaswa kufungua lile kopo."

Alikwishavaa koti alipomgeukia Agnete, na kwa mara ya kwanza alionekana kijana kweli. "Nimwambie nini?"

"Mwambie jina lake ni safi. Mwambie hivyo kabla ya kumbandika, usianze na plasta. Na mpaka jibu la maabara kubwa lirudi, ale mkate wa ufuta, mbegu zisitupotoshe tena."

"Na wewe, njoo Jumatatu na lile boksi lako la glavu. Madaktari wote watakaa. Nataka huo ukoo nao waujue."

"Saa mbili kamili," Agnete alisema. "Msichelewe."

Akaondoka na mvua ikampokea, pamoja na viatu vyake. Agnete alirudi maabara, kulikuwa na damu za kupima, na akapima. Saa saba na robo simu ililia. Ilikuwa Ruth, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza.

"Usiseme kitu," Ruth alimwambia. "Sikiliza tu."

Alikuwa amenyoosha simu kuelekea sebuleni. Agnete alisikia kwanza kiti kikikokotwa, kisha sauti ya Mathias ikieleza jambo kwa aibu kuhusu meno yake, kisha Ejgil Sandholt, kutoka sakafuni, akicheka. Alicheka kwa kukatakata, maana mgongo bado ulimuuma, akatua kuvuta pumzi, akaanza tena.

Agnete alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka simu chini, akamgeukia Solvej macho yakiwa yamejaa maji, akamwambia waziwazi, bila kupunguza neno:

"Kazi hii naijua, Solvej. Naijua vizuri sana."

"Eeh," Solvej alisema, akampa kikombe kinachofuata.